Kipele sehemu za siri: kijue kwanza, dawa baadaye

Kijana aliingia kliniki akitembea kwa kutanua miguu, akakalia ukingo wa kiti. Ilimchukua muda kusema. Wiki moja nyuma aliona vijipele vidogo vyeupe vimezunguka kichwa cha uume, vimejipanga kama shanga. Akasoma kwenye simu, akaamini ni masundosundo, vile vinyama vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Akatafuta maji ya betri ya gari, akachovya pamba kwenye njiti na kuvigusa kimoja baada ya kingine. Nilipomwangalia, upande mmoja ngozi ilikuwa imeungua mpaka nyama nyekundu. Upande wa pili, ambao maumivu yalimzuia kuufikia, zile shanga zilikuwa bado zipo: laini, zenye ukubwa mmoja, zimepangana safu mbili. Hazikuwa ugonjwa. Ni vijipele ambavyo wanaume wengi huwa navyo tangu balehe. Haviambukizi na havihitaji dawa yoyote.

Nimemkumbuka sana wakati nikiandika hapa. Vinavyoweza kuota sehemu za siri ni vya aina nyingi, na masundosundo ni aina moja tu kati yake. Wengi ninaowaona wameumia kwa kukitibu kitu ambacho hakuna aliyewaambia ni nini. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, hata kama hofu inakusukuma uruke moja kwa moja kwenye dawa.

Hatua ya 1: Acha kupaka

Chochote ulichokishika, kiweke chini. Dawa ya chunjua za mikononi na nyayoni imetengenezwa kwa ngozi ngumu. Ngozi ya sehemu za siri ni nyembamba na itaungua. Kitunguu saumu kilichopondwa huunguza. Dawa ya meno, siki, maji ya betri na klorini ya kufulia huunguza pia. Usikate kwa wembe, wala usifunge kinyama kwa uzi ukisubiri kidondoke.

Krimu zenye mchanganyiko wa dawa mbili tatu ndani ya tyubu moja nazo ziache. Nyingi zina steroidi, na steroidi hutuliza muwasho kwa siku chache huku fangasi ikiendelea kuenea kimyakimya. Zaidi ya hapo, kila unachopaka hubadilisha sura ya kipele, na daktari anayekuja kukiangalia baadaye anakuta sura ya dawa badala ya sura ya ugonjwa.

Acha pia kunyoa sehemu hiyo kwa sasa, kwa sababu wembe hubeba virusi kutoka kipele kimoja na kuvipanda kwenye michubuko mipya. Tendo la ndoa nalo lisubiri mpaka ujue unashughulika na nini.

Kama tayari umepaka kitu kinachochoma, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usijaribu kukizimua kwa kitu kingine. Kisha nenda kituo cha afya ukataje ulichopaka, bila kuficha.

Hatua ya 2: Jitazame vizuri, mara moja

Nawa mikono. Tafuta mwanga mzuri na kioo kidogo. Mwanamke achuchumae juu ya kioo, au akae ameegemea na kutanua mapaja, kisha afungue mashavu ya uke kwa vidole viwili. Mwanaume avute govi nyuma kama analo (na alirudishe mbele akimaliza), ainue uume, kisha ainue korodani aangalie chini yake. Wote wawili waangalie kinena, mikunjo ya mapaja, na eneo kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa.

Yatazame haya. Kipele kimeota juu ya ngozi au kiko chini yake? Ni kinyama, kidonda, lengelenge au doa bapa? Kinauma, kinawasha, au hakina hisia yoyote? Kiko peke yake au vimejikusanya? Halafu jiulize: kilianza lini, kinabadilika, umekunywa dawa gani ndani ya wiki mbili kabla ya kukiona, na je, kuna mtu nyumbani anayejikuna? Andika majibu. Maswali mawili ya mwisho watu huyapuuza, na mara nyingi ndiyo yenye jibu.

Picha moja iliyo wazi inasaidia, hasa kwa vidonda vinavyokuja na kuondoka, kwa sababu siku ya kuonana na daktari huenda visiwepo. Ihifadhi mahali pa siri na usimtumie mtu yeyote wa mtandaoni anayejiita tabibu. Ukishaangalia, inatosha. Kujikagua mara sita kwa siku huleta muwasho na usiku usio na usingizi.

Hatua ya 3: Ondoa kwanza vilivyo vya kawaida

Shanga za yule kijana nimeshazieleza: safu moja au zaidi kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume, zote zina ukubwa mmoja, wala haziongezeki mwezi hadi mwezi.

Wanawake wana zinazofanana nazo. Ndani ya mashavu madogo ya uke kunaweza kuwa na vijinyama laini, vyenye rangi ileile ya ngozi ya hapo, vimepangana pande zote mbili kwa ulinganifu. Vuta ngozi taratibu uangalie mashina: vya kawaida, kila kimoja kina shina lake. Masundosundo huota vichwa vingi kwenye shina moja, tena bila mpangilio, huku na kule.

Vidoa vidogo vya rangi ya njano iliyopauka, kama punje za mchanga chini ya ngozi, vinavyoonekana zaidi ukiivuta ngozi, ni tezi za mafuta. Viko kwenye shina la uume, korodani na mashavu ya uke. Uvimbe mgumu wa mviringo chini ya ngozi ya korodani, unaotembea ukiugusa na usiouma, mara nyingi ni kifuko cha mafuta, ingawa uvimbe wowote ulio kwenye korodani yenyewe, siyo kwenye ngozi yake, unataka daktari. Na vidoa vya zambarau au vyekundu vilivyokolea kwenye ngozi ya korodani, hasa kwa wanaume wa makamo, ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka. Ukivikwangua vinatoa damu, kwa hiyo usivikwangue.

Hatua ya 4: Je, ni masundosundo?

Masundosundo huanza kama kinyama kidogo, laini au chenye ukwaruzo, chenye rangi ya ngozi, ya kijivu, ya waridi au ya kahawia. Kwa kawaida hakiumi. Kikikua, uso wake hujikunjakunja kama koliflawa. Mahali palipo na unyevu, kama chini ya govi au kati ya mashavu ya uke, huwa laini zaidi. Palipo pakavu, kama shina la uume au kinena, huwa magumu na bapa kidogo. Vingine humea karibu na njia ya haja kubwa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kabisa kuingiliwa huko. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu wamedhalilishwa na hata kukataa matibabu kwa kuogopa watakachodhaniwa.

Chanzo ni virusi vya papiloma, HPV. Aina zake ni zaidi ya 200, na kila aina ina tabia yake. Aina ya 6 na ya 11 ndizo zinazosababisha takriban masundosundo 9 kati ya 10. Aina ya 16 na ya 18 kwa kawaida haziotishi masundosundo ya kuonekana kwa macho, lakini ndizo zilizo nyuma ya takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kwa maneno mengine, kinyama ulichonacho hakigeuki kuwa saratani kwa kukua tu. Lakini mtu anaweza kubeba aina mbili tatu kwa pamoja, na ndiyo maana mwanamke hapaswi kuacha kuchunguzwa mlango wa kizazi, awe na masundosundo au asiwe nayo.

Virusi hivi huenda kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hasa wakati wa kujamiiana, hata kama hakuna aliyemwaga. Kondomu hupunguza hatari, na itumike, ila haifuniki kinena, korodani wala mashavu ya uke. Kiti cha choo hakikupi masundosundo.

Sasa suala la muda, ambalo limevunja nyumba nyingi bila sababu. Kuanzia siku ya kuambukizwa hadi kinyama kuonekana hupita wiki kadhaa au miezi, na wakati mwingine miaka. Wengi wanaopata virusi hawaoti kitu chochote, na bado wanaweza kuambukiza. Kwa hiyo masundosundo yakitokea leo kwa mke au mume wa miaka mitano, hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema yaliingia lini wala kwa nani. Anayekuambia anajua, anakisia.

Hatua ya 5: Vijue vinavyofanana navyo

Naanza na kaswende kwa sababu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Huanza kama kidonda kimoja, kigumu kando, kisichouma, takriban wiki 3 baada ya kuambukizwa. Kidonda hicho hupona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6, na mtu hushukuru na kusahau. Wiki kadhaa baadaye, katika hatua ya pili, huweza kuota vinyama bapa, vipana, vyenye unyevunyevu na rangi ya kijivu kati ya makalio au kwenye mashavu ya uke. Macho yasiyozoea huviita masundosundo. Mtu hupakwa dawa ya masundosundo, vinyama hukauka vyenyewe kama kaswende ifanyavyo siku zote, kila mtu huridhika, na ugonjwa huendelea ndani kwa ndani kuelekea moyo na ubongo, au kwa mjamzito, kuelekea mtoto aliye tumboni. Dalili ya kuitafuta ni vipele kwenye viganja na nyayo, homa ndogo, au nywele kukatika mabakamabaka. Lakini usitegemee dalili. Kipimo cha damu kinaijua, na ikiwa bado ya mapema sindano ya penisilini ya benzathini ya yuniti milioni 2.4, mara moja, kwa kawaida inatosha.

Malengelenge ya herpesi hayajifichi: sehemu huanza kuchomachoma, kisha vilengelenge vidogo hutokea kwa kundi, hupasuka na kuacha vidonda vinavyouma, hasa mkojo unapopita. Mara ya kwanza huchukua wiki 2 hadi 4 kupona. Virusi hubaki kwenye neva na huweza kurudi, kwa ukali mdogo zaidi. Dawa ya asikloviri hufupisha siku za mateso ikianzwa mapema. Ukishindwa kukojoa kwa maumivu, kojoa huku ukijimwagia maji ya uvuguvugu; inasaidia kuliko watu wanavyoamini. Vidonda vinavyouma sana vikiambatana na mitoki iliyovimba huweza kuwa pangusa, ugonjwa mwingine wa zinaa. Na vipele vinavyojaa maji kisha usaha, vyenye kibonyeo katikati, vikija na homa na mitoki, vinaweza kuwa mpox. Hapo jitenge na upige simu kituoni kabla ya kwenda.

Molaskamu ni vipele vya mviringo, vinavyong'aa kama lulu, vyenye kitovu katikati. Navyo ni virusi. Kwa watoto ni vya kawaida mwilini popote. Kwa watu wazima vikiwa kinenani, mara nyingi vimekuja kwa kujamiiana. Vingi huisha vyenyewe kwa miezi. Vikiwa vikubwa na vingi kwa mtu mzima, pima VVU.

Upele wa kuwasha, ule wa kimelea kinachochimba ngozi, husahaulika kwa sababu watu huufikiria mikononi tu. Kwa mwanaume huacha vinundu vyekundu, vigumu, kwenye uume na korodani. Kinachouumbua ni muwasho unaozidi usiku, pamoja na vipele vya katikati ya vidole, viwikoni, kitovuni na makalioni. Hapa ndipo lile swali la nani nyumbani anajikuna linapofanya kazi. Krimu ya permetrini ya asilimia 5 hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni, hukaa saa 8 hadi 14, na hurudiwa baada ya wiki. Wote wa nyumba moja wapake siku ileile, hata asiyewashwa. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, na yasiyofulika yafungwe ndani ya mfuko angalau siku 3. Muwasho huweza kuendelea hata wiki 4 baada ya vimelea kufa. Usirudierudie dawa kwa sababu hiyo tu.

Fangasi ya mapajani hutengeneza duara lenye ukingo mwekundu au mweusi unaochubuka, katikati pakianza kupona. Kwa kawaida huiacha korodani. Ile nyingine, ya kandida, hupenda mikunjo yenye unyevu, hugusa hata korodani, na huacha vipele vidogo pembeni mwa bakabaka kubwa. Kwa mwanamke huja na uchafu mweupe mzito na muwasho. Klotrimazoli huzitibu zote mbili, mradi uipake kwa wiki zote ulizoelekezwa, siyo mpaka muwasho uishe tu. Ikirudi kila baada ya muda mfupi, pima sukari.

Kuna moja ambayo karibu kila anayekuja nayo huwa ameshatibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu. Ni doa la duara, jekundu au zambarau, wakati mwingine lenye lengelenge, kwenye kichwa cha uume au kwingineko. Linachoma, linapona kwa wiki moja au mbili, linaacha weusi. Miezi baadaye linarudi palepale, mahali pale pale hasa, kana kwamba lina anwani. Chanzo ni dawa uliyokunywa. Ko-trimoksazoli (septrini) inaongoza, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini zimo pia. Mgonjwa hunywa dawa ya mafua au ya tumbo, doa likatokea, akapewa antibiotiki akidhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, na wakati mwingine akapewa ileile iliyolisababisha. Lile swali la dawa ulizokunywa ndiyo dawa yenyewe. Ukishaijua iliyolisababisha, iandike mahali na usiinywe tena maisha yako yote.

Mengine nayataja kwa haraka. Vipele vyenye usaha vilivyotokea siku mbili baada ya kunyoa, kila kimoja na unywele wake katikati, ni vinyweleo vilivyojikunja. Wekundu na muwasho ulioanza baada ya kubadilisha sabuni, pedi zenye manukato au dawa ya kuua vijidudu iliyotiwa kwenye maji ya kuogea, chanzo ni hicho kipya, kiache. Majipu yanayorudi kinenani na kwapani, yakiacha makovu na vishimo, ni ugonjwa wa ngozi wenye matibabu yake, wala hautokani na uchafu. Na ngozi iliyogeuka nyeupe na nyembamba kama karatasi, inayowasha, kuzunguka uke na njia ya haja kubwa, au govi lililoanza kubana kwa mtu mzima, ni hali isiyoambukiza inayoitwa likeni sklerosasi. Hii ndiyo inayohitaji steroidi kali, lakini mkononi mwa daktari, na inataka kufuatiliwa kwa sababu kwa wachache huzaa saratani.

Hatua ya 6: Nenda ukaonwe

Ukifika, sema moja kwa moja: "Daktari, nina vipele sehemu za siri, vimeanza tarehe fulani, nimepaka kitu fulani." Sentensi hiyo moja inaokoa nusu saa ya kuzunguka. Una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako, kufungiwa mlango, na kuwa na mtu unayemwamini pembeni. Ukisimangwa, shida ni ya anayesimanga; tafuta mwingine, usiache kwenda.

Masundosundo hutambuliwa kwa macho. Hakuna kipimo cha damu cha kuyathibitisha, na kupaka siki kwenye ngozi ili kuona kama itageuka nyeupe hakuaminiki, maana hata mchubuko wa kawaida hugeuka nyeupe. Kipande cha nyama hukatwa na kupelekwa maabara pale kinyama kinapokuwa kigumu kupita kiasi, chenye weusi usio wa kawaida, kinachovuja damu, chenye kidonda, au kisichosikia dawa. Kidonda chochote kisichopona kwa wiki 4 nacho kinastahili hivyo. Omba mwenyewe kupimwa kaswende, VVU, kisonono na klamidia. Ukiwa mjamzito au una shaka, sema kabla ya kupewa dawa.

Usisubiri kesho kama mkojo umeziba, govi limevutwa nyuma na halirudi, maumivu ni makali na ngozi inageuka nyeusi huku una homa, au umekunywa dawa na sasa mdomo, macho na sehemu za siri vyote vinatoka malengelenge. Mjamzito anayekaribia kujifungua akiona malengelenge, naye aende leo.

Mtoto akiwa na vinyama sehemu za siri, apelekwe kwa daktari. Huenda aliviambukizwa wakati wa kuzaliwa, huenda vimetoka kwenye chunjua za mikono, na huenda kuna aliyemdhuru. Mzazi asimhoji kwa vitisho wala asiamue mwenyewe kuwa hakuna kitu; kuna wataalamu wa kuzungumza na watoto.

Hatua ya 7: Matibabu ya masundosundo

Dawa huondoa kinyama. Virusi humalizwa na kinga ya mwili wako, na kwa wengi kinga hiyo huvidhibiti ndani ya miaka miwili. Kwa sababu hiyo, mwenye vinyama vichache visivyomsumbua anaweza kuamua na daktari wake kusubiri. Baadhi hupotea vyenyewe ndani ya mwaka. Wengi hutaka viondoke, nami nawaelewa.

Za kupaka nyumbani ni mbili zinazotumika zaidi, zote kwa maelekezo ya daktari. Podofilotoksini ya asilimia 0.5 hupakwa mara 2 kwa siku kwa siku 3, kisha unapumzika siku 4, na mzunguko huo hurudiwa hadi mara 4. Igusishe kwenye kinyama tu, mbele ya kioo, acha ikauke kabla ya kuvaa. Imikwimodi ya asilimia 5 hupakwa usiku mara 3 kwa wiki, huoshwa baada ya saa 6 hadi 10, na huweza kuendelea hadi wiki 16. Yenyewe huamsha kinga ya ngozi, kwa hiyo wekundu na muwasho kiasi ni ishara kwamba inafanya kazi. Ikichimba vidonda, pumzika siku kadhaa na umwone daktari. Pia hudhoofisha kondomu, hivyo usifanye tendo ikiwa bado iko kwenye ngozi. Mjamzito asitumie hata moja kati ya hizi.

Kituoni huweza kugandishwa kwa naitrojeni ya maji, kupakwa asidi maalumu na mkono uliofunzwa, kukatwa, au kuchomwa kwa umeme au leza. Kugandisha na ile asidi huweza kutumika kwa mjamzito, ambaye masundosundo yake mara nyingi huongezeka kwa kasi wakati wa mimba na kunywea baada ya kujifungua. Vinyama vya ndani ya uke, ndani ya njia ya mkojo au ndani ya njia ya haja kubwa haviguswi nyumbani kabisa.

Ngozi nyeusi inaweza kubaki na doa jeusi au jeupe mahali palipotibiwa. Mengi hufifia kwa miezi. Usipake krimu ya kung'arisha.

Yakirudi, hasa ndani ya miezi 3 ya kwanza, hujakosea kitu wala hujasalitiwa. Ni virusi vilevile vilivyokuwa vimelala kwenye ngozi ya jirani. Unarudi kutibiwa. Yasipokoma kabisa, daktari abadilishe njia na aangalie kinga yako. Kwa anayeishi na VVU, kunywa dawa zake bila kuruka ni sehemu ya tiba hii. Na kama unavuta sigara, hii ni sababu nzuri ya kuacha.

Hatua ya 8: Chanjo, uchunguzi, na mwenzi wako

Chanjo ya HPV haiondoi kinyama ulichonacho. Inazuia aina ambazo bado hujazipata, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla ya kuanza kujamiiana, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linawalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tangu Desemba 2022 shirika hilo limesema dozi moja inaweza kutosha kwa wa miaka 9 hadi 20. Wenye VVU wanahitaji zaidi. Uliza ni chanjo ya aina ngapi: ya aina 4 na ya aina 9 huzuia pia masundosundo, ya aina 2 hailengi masundosundo. Australia ilianza kuchanja wasichana mwaka 2007, na masundosundo yakapungua sana kwa wasichana hao, na baadaye hata kwa wavulana wa rika lao ambao hawakuwa wamechanjwa.

Mwanamke wa miaka 30 na kuendelea achunguzwe mlango wa kizazi. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25.

Mwenzi wako aambiwe ana kwa ana, siyo kwa ujumbe, na siyo kitandani. Mwanzo ukikushinda, azima huu: "Mwenzangu, nimechunguzwa, nimeambiwa nina masundosundo. Ni virusi vya ngozi vinavyoweza kukaa miaka bila kuonekana, kwa hiyo hakuna anayejua vilitoka kwangu au kwako. Naanza matibabu. Naomba na wewe ukaangaliwe, na upime kaswende na VVU kama nilivyopima mimi. Tukitaka, nitakusindikiza." Kisha mwache aulize. Huenda akanyamaza, huenda akakasirika kwanza. Ile karatasi ya majibu ya vipimo iwe mkononi mwako, umpe aisome mwenyewe.